Sikio la Kushoto

Nianze kwa kukiri kosa, maana bila kosa hilo nisingekuwa na la kuandika. Ilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba 2023, kwenye uwanja wa shabaha ulioko kaskazini ya mji wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, huku Marekani ninakoishi tangu mwaka 1999. Tulikuwa watu wanane kwenye mstari, kila mmoja na bastola yake, na mwanangu alikuwa kulia kwangu. Wote tulikuwa tumevaa vikombe vya kuziba masikio. Msimamizi akatoa amri ya kusitisha ufyatuaji ili watu wakabadilishe karatasi zao za shabaha. Wenzangu wakaweka silaha chini. Mimi sikusikia. Niliinua mikono, nikalenga, na kidole changu kikaanza kukaza.

Msimamizi alinidaka mkono akaukandamiza juu ya meza, mtutu ukielekea mbele. Hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akamtazama kijana mmoja aliyekuwa mwisho wa mstari, ambaye alikuwa amekwisha inua mguu kuvuka alama nyekundu. Risasi haikutoka. Lakini nafahamu umbali uliokuwa umebaki kati ya kidole changu na msiba, nao ulikuwa mdogo kuliko unene wa shilingi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mwanangu hakusema neno. Tulipofika mlangoni akazima gari, akakaa kidogo, ndipo akasema, "Baba, masikio yako."

Sikuwa na la kumjibu. Jambo lenyewe nilikuwa nalijua kwa miaka arobaini.

Katika miaka ya themanini nilikuwa askari wa wanyamapori upande wa Liwale, kusini mwa Tanzania. Sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa kuwafukuza tembo waliovamia mashamba ya wanakijiji. Tulibeba bunduki za .458, ambazo risasi yake ni nene kama kidole, na mshindo wake unazidi desibeli 160. Vizibo vya masikio hatukuvijua, na nadhani hata tungeletewa tungevicheka. Askari anayeziba masikio porini atamsikiaje mnyama? Baada ya kufyatua, masikio yalivuma kama mzinga wa nyuki, jioni yakapungua, asubuhi tukasahau. Ndivyo tulivyodhani.

Mtu anayetumia mkono wa kulia hulaza shavu la kulia kwenye kitako cha bunduki, na kichwa chake kikageuka kidogo, hata sikio la kushoto likawa ndilo linaloutazama mtutu. Kwa sababu hiyo maaskari wengi wa aina yangu hufa sikio la kushoto kwanza. Langu halikufa kimya. Lilibakiwa na mlio kama wa nyenje wa kiangazi, na nyenje hao hawajanyamaza mpaka leo, mchana wala usiku, kiangazi wala theluji.

Baada ya siku ile ya uwanjani nilikwenda kwa daktari wa masikio. Alinifungia ndani ya chumba kidogo, akanivika vipaza sauti, akaniambia nibonyeze kitufe kila nitakaposikia mlio. Nilikaa muda mrefu bila kubonyeza. Kisha akanieleza kwa upole kwamba ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na vinyweleo hivyo kwa binadamu vikishakufa havioti tena. La kushoto limekwenda. La kulia limebaki na kiasi cha kutosha kusikia sauti ya mtu aliye karibu, ikiwa tu nitalitunza. "Kila mshindo sasa," alisema, "unautoa kwenye akiba."

Nikadhani ananiambia niache shabaha. Nilikuwa tayari kuacha. Aliyekataa ni mwanangu.

Lazima nieleze kwa nini. Mimi na mwanangu hatukuwa watu wa mazungumzo. Nilihamia huku naye akiwa na miaka minane. Nilifanya kazi za zamu, usiku kiwandani na mchana usingizini, na yeye akakulia katika lugha ambayo mimi niliisikia nusu nusu, kwanza kwa ugeni na baadaye kwa uziwi. Alipokuwa mtu mzima, kitu kimoja tu kilitukutanisha, nacho ni ile Jumamosi moja kila mwezi tulipokwenda kupiga shabaha. Kule hatukuongea sana, lakini tulisimama bega kwa bega. Yeye aliona kwamba tukiiacha Jumamosi hiyo hatutabakiwa na kitu.

Basi akaja na rai yake: tununue bastola ndogo ya .22, tuifunge kiwambo cha kuzuia sauti, na tukapige mahali ambapo hakuna watu wengine.

Nilikasirika. Kwa mtu wa umri wangu neno kiwambo halina sura nzuri. Katika ujana wetu riwaya za upelelezi zilipita mkono hadi mkono mpaka majalada yakabanduka, na katika sinema za James Bond tulimwona mtu aliyevaa suti akifunga bomba jeusi kwenye mdomo wa bastola. Tulijua maana yake: mtu atauawa na jirani hatasikia. Nikamwambia mwanangu kwamba mimi nilibeba silaha mchana kweupe, kwa kazi inayojulikana, na kila nilipofyatua kijiji kizima kilijua ni nani amefyatua. Silaha inayojificha ni ya nani kama si ya mwizi?

Hakubishana nami. Siku chache baadaye aliniletea habari za watu wawili, baba na mwana.

Baba aliitwa Hiram Maxim, mzaliwa wa jimbo la Maine. Alihamia Ulaya akaiacha familia yake Marekani, na huko Uingereza, mwaka 1884, akaonyesha bunduki iliyojipakia risasi yenyewe kwa nguvu ya teke lake. Kwetu silaha za jinsi hiyo ziliitwa bombomu. Ndizo zilizowafyeka wapiganaji wa Maji Maji walipoivamia boma ya Mahenge mwezi wa Agosti 1905. Mzee Maxim alipewa heshima na mali, lakini kelele za mashine yake zilimwachia uziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ambaye alikuwa kijana mdogo baba alipoondoka, mwaka 1909 alipata hataza ya kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki, cha kwanza kupata soko la kweli. Baadaye kazi ya namna hiyo hiyo aliiendeleza katika vipunguza sauti vya injini. Kwa hiyo bomba la wauaji wa sinema ni ndugu wa ekzosi ya basi.

Sijui kama mwanangu alikusudia nione kilichokuwa ndani ya habari hiyo. Baba alitengeneza kelele akawa kiziwi. Mwana akatengeneza kimya. Niliisoma mara mbili, kisha nikamwambia twende dukani.

Sasa nieleze tulivyochagua, kwa kuwa huenda msomaji akadhani kimya kinanunuliwa kama sukari. Hakinunuliwi hivyo. Kimya cha silaha ni jumla ya mambo matatu, na ukikosea moja mengine mawili hayakusaidii.

Jambo la kwanza ni hewa ya moto. Baruti inapoungua hugeuka kuwa gesi yenye nguvu, na gesi hiyo ikitoka ghafla mdomoni mwa mtutu ndipo tunasikia mlipuko. Kiwambo ni bomba lenye vyumba vidogo vilivyopangana, kila kimoja na tundu katikati la kupitishia risasi. Gesi huingia chumba hata chumba, ikapanuka, ikapoa, ikachoka, na inapotoka haina tena ghadhabu. Jambo la pili ni risasi yenyewe. Ikikimbia kuliko sauti hupasua hewa kama mjeledi, na ufa huo hauzuiliki kwa kiwambo chochote, kwa sababu unatokea njiani na si mdomoni. Jambo la tatu ni mashine: bolti inayogonga, ganda linalotupwa, gesi kidogo inayochungulia nyuma pale bolti inapofunguka.

Kwa sababu hizo tulichagua .22. Risasi hii, inayoitwa .22 Long Rifle, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1887, na bado ndiyo risasi ndogo ya kawaida duniani. Unga wa fataki umesambazwa ndani ya ukingo wa ganda lake, na pini hugonga ukingo huo badala ya kugonga katikati. Baruti yake ni chache sana, kwa hiyo gesi ya kutuliza ni chache. Tena, mtutu wa bastola ni mfupi. Risasi ambayo kutoka kwenye bunduki ndefu ingefika mita 326 kwa sekunde, kutoka kwenye bastola hutoka na mita 280 au 290 tu, wakati sauti yenyewe siku ya wastani hukimbia mita 343. Hivyo bastola ya .22 hukaa chini ya sauti bila taabu.

Mwanangu alitaka pia tufikirie bastola ya milimita 9, kwa sababu yeye anayo. Muuzaji, mzee mwenye subira, alitueleza kwamba bastola nyingi za milimita 9 zina mtutu unaoinama kidogo kila inapofyatuka, na ukiuning'inizia uzito mbele haufanyi kazi mpaka uongezewe kifaa chenye springi. Bastola za .22 karibu zote zina mtutu uliotulia, na bolti hurudishwa nyuma kwa msukumo wa ganda tu. Unafunga kiwambo, basi.

Alituwekea mbili juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa Walther P22, ndogo, nyepesi, imekaa vizuri mkononi. Lakini uzi wa skrubu kwenye mtutu wake ni wa kipimo cha milimita, nao unahitaji kiungio kabla ya kupokea viwambo vingi vya Marekani, ambavyo uzi wake ni wa nusu inchi wenye meno 28 kwa kila inchi. Kila kiungio ni mahali pengine pa kulegea. Ya pili ilikuwa Ruger Mark IV ya mtindo wa 22/45, ambayo mtutu wake ulikuwa na uzi wa nusu inchi tangu kiwandani. Ukoo wa bastola hiyo ulianza mwaka 1949, wakati William Ruger na mwenzake Alexander Sturm walipoanza kuuza bastola yao ya kwanza kutoka karakana ya Southport, Connecticut.

Nilipenda mambo matatu katika hiyo ya pili. Mtutu wake ni mnene na umekazwa pamoja na mwili wa bastola, na vilengeo viko juu ya vitu hivyo viwili visivyosogea. Kinachotembea ni bolti ya ndani tu. Pili, kuna nafasi ya kufunga kilengeo cha nukta nyekundu, nami nikaona haja yake mara moja, kwa sababu kiwambo chenye upana wa milimita 25 kinaweza kuziba kilengeo kifupi cha mbele. Tatu ni usafi. Bastola za zamani za ukoo huu zilikuwa na sifa mbaya: kuzifungua ni rahisi, kuzirudisha ni matusi. Hii ya mwaka 2016 inafunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja nyuma. Kwa bastola ya kiwambo jambo hilo si anasa, kwa kuwa sehemu ya gesi hurudi nyuma na bolti inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Kiwambo tulichagua kinachofunguka. Risasi nyingi za .22 ni risasi tupu, au zimepakwa shaba nyembamba tu, na masizi yake hujaa madini ya risasi. Kiwambo kisichofunguka hujaa polepole mpaka kikawa kizito kama jiwe. Chetu kina vyumba vya chuma kisichoshika kutu ndani ya bomba jepesi. Muuzaji alituonya tusifuate mbinu ya baadhi ya watu ya kulowesha vyumba hivyo katika siki na dawa ya kubabua, maana madini ya risasi yakiyeyuka humo huwa sumu inayopenya mwilini. Mafuta, brashi, glavu, na kunawa mikono kabla ya kugusa chakula: hayo yanatosha.

Kisha ikaja sheria. Kiwambo hapa si kitu cha kutia mfukoni na kuondoka. Majimbo 42 kati ya 50 yanaruhusu raia kukimiliki, na Minnesota iliruhusu mwaka 2015 tu. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1934 inataka kila kiwambo kisajiliwe serikalini, na mwombaji atoe picha na alama za vidole na achunguzwe. Wakati ule, mwanzoni mwa 2024, tulilipa pia kodi ya dola 200, kiwango kile kile kilichowekwa mwaka 1934. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeiondoa kodi hiyo kwa viwambo kuanzia tarehe 1 Januari 2026, lakini usajili umebaki. Mwanangu hunitania kwamba haraka yangu ilitugharimu mbuzi wawili.

Tulisajili kwa jina la dhamana ya familia, ili sote wawili tuwe na haki ya kukibeba. Siku ya kuchukua alama za vidole tulikaa benchi moja, vidole vyetu vyeusi kwa wino, kama watoto waliochuma zambarau. Nilitazama karatasi mbili, majina mawili, ukoo mmoja. Hoja yangu ya mwizi na silaha inayojificha ikaishia pale. Bunduki niliyobeba Liwale haikuwahi kuandikwa jina langu.

Shamba tulipata kwa jirani yetu wa zamani, mkulima mzee aliyejenga tuta la udongo refu kuliko nyumba. Hilo nalo ni sehemu ya uchaguzi, na ni afadhali liandikwe wazi: kiwambo chako hakikukingi na bunduki ya jirani. Uwanjani, katikati ya watu saba wanaofyatua, ningehitaji vikombe vile vile na ningekuwa kiziwi yule yule.

Siku ya kwanza, kabla ya kupakia risasi hata moja, mwanangu alifungua bolti, akanionyesha chemba tupu, nami nikaingiza kidole kuhakikisha. Tukakaza kiwambo kwa mkono. Kisha akapitisha fimbo ya chuma iliyonyooka kutoka mdomo wa kiwambo hadi ndani ya mtutu, tukatazama kama imekaa katikati ya tundu. Kiwambo kikikaa upande hata kidogo, risasi itagonga kuta za ndani, na kifaa kitaharibika au kipande kitaruka. Fimbo ilikaa sawa. Tukajifunza pia kwamba kiwambo hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo kila baada ya magazini moja bastola inatolewa risasi, bolti inafungwa wazi, na mkono unakikaza tena.

Bastola ya .22 bila kiwambo hupiga zaidi ya desibeli 150. Kikomo kinachotajwa na wataalamu kwa mshindo wa ghafla ni desibeli 140. Ikiwa na kiwambo kizuri hushuka mpaka baina ya 115 na 120. Hiyo si kimya. Asikudanganye mtu wa sinema. Lakini kwa hesabu ya desibeli, kila kumi zikipungua, nguvu ya sauti imebaki sehemu moja ya kumi. Zikipungua thelathini, imebaki sehemu moja ya elfu. Daktari alinitaka bado nivae kizibo chepesi cha sponji sikio la kulia, nami namtii. Kizibo hicho peke yake hakinizuii kusikia mtu aliye karibu.

Risasi ya kwanza ilinishtua, ikasikika "pah" kama kofi. Ya pili ikawa "tsk". Mwanangu akaeleza kwamba ya kwanza hukuta hewa ndani ya kiwambo, na hewa hiyo husaidia mabaki ya baruti kuwaka. Zinazofuata hazikuti hewa hiyo. Baada ya hapo nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia katika maisha yangu ya silaha: bolti ikirudi mahali pake, ganda likianguka kwenye nyasi, na risasi ikiingia kwenye tuta, "pu", kama embe bivu.

Tulijaribu risasi za namna tatu. Zile za mwendo wa kawaida, zenye uzito wa gramu 2.6, ndizo zilizokaa nasi, kwa kuwa zilikuwa pole na bado zilikuwa na nguvu ya kuisukuma bolti. Zile pole mno zilikwama mara kwa mara. Zile za kasi zilikuwa pole mwezi wa Agosti, tukafurahi. Mwezi wa Januari, kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, baadhi yake zikaanza kupasuka kama mjeledi. Sikuelewa mpaka mwanangu alipopiga hesabu. Sauti hukimbia polepole katika baridi, mita 322 tu kwa sekunde kwenye baridi ile. Risasi ilikuwa ile ile. Mpaka wa sauti ndio uliosogea.

Lakini jambo kubwa halikuwa risasi. Siku ile ya kwanza, baada ya magazini mbili, mwanangu alisema, "Baba, unafumba macho." Alilisema kwa sauti ya kawaida, kutoka kulia kwangu, nami nikalisikia, na nikastaajabu kwanza kwamba nimelisikia. Kisha nikakataa. Akachanganya risasi na ganda tupu ndani ya magazini bila mimi kujua mpangilio. Bastola ilipogonga ganda tupu, mtutu uliinama chini kama kichwa cha mtu anayeogopa kofi. Miaka arobaini nilidhani silaha haina hofu kwangu. Mwili wangu ulikuwa unaogopa mshindo kila mara, na mshindo ulikuwa unaificha hofu yenyewe.

Nikakaa juu ya ndoo. Mwanangu akauliza kama nimechoka. Nikamwambia hapana, na nikajikuta namweleza jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu, hata mama yake.

Mwaka 1986 tembo waliingia katika shamba la mihogo la kijiji kimoja kwa usiku tatu mfululizo. Alfajiri ya siku ya nne tuliwakuta. Nilipiga risasi ya kwanza hewani kuwatisha, na masikio yakaziba kama nimetumbukia majini. Jike moja halikukimbia, liligeuka likatukabili. Mwenzangu akanishika bega la kushoto, akasema kitu. Nikasikia "pige". Nikapiga. Lilipoanguka, nyuma yake, ndani ya majani, alikuwa amesimama mtoto wake, si mkubwa kuliko ng'ombe. Ndipo nikauona mdomo wa mwenzangu ukirudia maneno yake, naye analia: "Usipige. Ana mtoto."

Kijiji kilishangilia, wakagawana nyama. Mimi nilipongezwa. Kila aliponisifu mtu nilitabasamu, kwa sababu sikumsikia vizuri.

Mwanangu hakusema pole. Aliinama akaokota maganda, moja moja, akayatia kwenye kopo. Baadaye akauliza, "Yule mtoto wa tembo alikwendaje?" Nikamwambia alisimama pale hadi jua lilipopanda, kisha akaingia porini. Akauliza jina la mwenzangu. Akauliza kijiji kilikuwa upande gani wa mto. Jioni ile aliniuliza maswali mengi kuliko yote aliyoniuliza katika miaka ishirini na mitano, na mimi niliyasikia yote.

Jioni tulisafisha bastola juu ya gazeti, jikoni kwake. Yeye alibonyeza kitufe, mwili ukafunguka, nami nikavuta bolti nyeusi nikaipangusa. Vyumba vya kiwambo tulivipanga mezani kwa mfuatano wake ili tusivichanganye. Mke wake alipita akatucheka. Tukanawa kwa sabuni na maji baridi, ndipo tukala.

Tangu wakati huo tumekwenda kila mwezi, isipokuwa theluji ikizidi. Sipigi shabaha vizuri kama zamani. Nafumba macho kidogo kuliko mwanzo. Nyenje wa sikio la kushoto wako pale pale, na daktari amenihakikishia kwamba hawatahama.

Ndugu msomaji, ikiwa kazi yako ina kelele, iwe bunduki, mashine ya kusaga au msumeno wa mbao, ziba masikio yako leo, hata wenzako wakikucheka. Na ikiwa umekwisha chelewa kama mimi, tafuta namna ya kukilinda kilichobaki. Mimi sasa najua mahali pa kusimama. Nasimama kushoto, mwanangu kulia, na kabla ya kila magazini yeye huniuliza, "Baba, umenisikia?" Nami sifyatui mpaka nimjibu.